Utafutaji wa ajira kwa wahitimu wa vyuo vikuu nchini Tanzania

Utafutaji wa ajira kwa wahitimu wa vyuo vikuu nchini Tanzania ni safari inayoanza pale mwanafunzi anapomaliza shahada ya kwanza au ya uzamili, hadi anapopata kazi ya kudumu au ya mkataba, au anapojiajiri. Katika utumishi wa umma safari hiyo inasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, yenye makao yake Dodoma. Katika sekta binafsi kuna matangazo ya kampuni, mawakala wa ajira na, kwa sehemu kubwa, kujuana, jambo ambalo vijana huliita "koneksheni". Makala hii inaeleza mfumo huo na jinsi unavyoonekana kwa mhitimu anayeishi mbali na miji mikubwa, kwa mfano katika kata ya Fukayosi, wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani.

Historia

Miaka ya kwanza baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 mhitimu hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Serikali ilihitaji watu wa kushika nafasi za maofisa wa kikoloni, na wenye shahada walikuwa wachache mno. Ugomvi wa wakati ule ulihusu masharti ya kazi, si ukosefu wake. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa sehemu tu ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likageuza kabisa mpangilio: mtu alitakiwa kwanza afanye kazi, ndipo aombe kuingia chuo kikuu. Kijana wa leo anayeulizwa "una uzoefu wa miaka mingapi?" siku chache baada ya mahafali angeshangaa kusikia kwamba kulikuwa na wakati uzoefu huo ulipatikana kabla ya shahada.

Utaratibu wa kupangiwa kazi ulikufa polepole. Marekebisho ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yalifuatwa na kupunguzwa kwa watumishi wa serikali katika miaka ya 1990. Kipindi hichohicho vyuo vikuu binafsi viliruhusiwa, na vya serikali vikaongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Walimu walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuendelea kupangiwa vituo moja kwa moja baada ya kuhitimu, hadi katikati ya miaka ya 2010.

Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti feki. Wahitimu wa miaka hiyo walikaa wakisubiri, na ajira zilipofunguliwa tena walijikuta katika foleni moja na waliomaliza baada yao.

Ukubwa wa ushindani

Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 waliitwa kwenye usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na ukumbi uliowatosha ulikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Picha za majukwaa ya mpira yaliyojaa watu waliovaa suti zilizungumzwa kwa muda mrefu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi 135,027, yaani takribani watu 85 kwa kila nafasi. Katika ajira za walimu ambazo usaili wake ulianza Januari 2025, waombaji 201,707 waligombea nafasi 14,648.

Sekretarieti ya Ajira

Sekretarieti ilianzishwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, ili ajira za umma zitolewe kwa ushindani na chombo kimoja badala ya kila ofisi kujichagulia watu wake. Maombi yote hupita kwenye tovuti inayoitwa Ajira Portal. Mwombaji hufungua akaunti kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), hujaza taarifa zake, hupandisha vyeti, kisha huomba nafasi inayolingana na kada yake akiambatisha barua iliyosainiwa.

Usaili una hatua hadi tatu: mchujo wa maandishi, vitendo kwa kada zinazohitaji, na mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefaulu mahojiano lakini nafasi zikaisha huwekwa katika kanzidata kwa muda maalumu, na anaweza kupangiwa kazi bila usaili mpya ikipatikana nafasi ya kada yake. Ndiyo maana majina ya kuitwa kazini huwa na watu waliokwisha kukata tamaa na hawafungui tena akaunti zao. Kosa hilo ni la bei mbaya, kwa sababu tangazo la kuitwa kazini huwa na muda wa kuripoti.

Wengi huanguka kabla hata ya kuulizwa swali moja. Matangazo hurudia masharti yaleyale: vyeti viwe vimethibitishwa na wakili au hakimu, hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki badala ya vyeti halisi, majina yanayotofautiana kati ya cheti kimoja na kingine yaambatane na kiapo kinachotambulika kisheria, aliyesoma nje ya nchi apeleke cheti chake kihakikiwe na mamlaka husika, kwa shahada ikiwa ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Umri kwa kawaida usizidi miaka 45. Mhitimu aliyeandikwa "Mwanahamisi" kwenye cheti cha kidato cha nne na "Mwanakhamis" kwenye shahada anaweza kurudishwa mlangoni pa ukumbi akiwa amekwisha kulipa nauli. Marekebisho hayo ni bora kuyafanya mapema, kwani tangazo la kazi likitoka siku huwa chache.

Shahada ya uzamili

Wapo wanaorudi chuoni kusoma uzamili kwa sababu kazi imekosekana, wakiamini shahada ya pili itawapandisha juu ya foleni. Si lazima iwe hivyo. Kada nyingi za serikali hutangazwa kwa sifa ya shahada ya kwanza, na mwenye uzamili huingia kwa daraja lilelile na wenzake.

Mahali uzamili unapodaiwa hasa ni vyuo vikuu, na huko kuna kizuizi ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi kwa kawaida hutaka wastani wa alama 4.0 kati ya 5 kwenye uzamili, pamoja na 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Aliyehitimu shahada ya kwanza kwa 3.4 hawezi kuifuta alama hiyo hata akimaliza uzamili kwa 4.6. Kwa mtu anayelenga kufundisha, hesabu hiyo hufanywa kabla ya kulipa ada, si baada ya kutetea tasnifu.

Utafiti hutoa nafasi nyingine. Bagamoyo kuna tawi la Taasisi ya Afya Ifakara, lililokuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Kazi za namna hiyo huhitaji wauguzi, wataalamu wa maabara, wa takwimu na wakusanyaji wa taarifa vijijini. Ila ni za mkataba: mradi ukiisha, mkataba nao huisha.

Hali ya Fukayosi

Fukayosi iko kwenye barabara ya Bagamoyo hadi Msata, katika ukanda wa mihogo na mananasi. Mhitimu aliyerudi nyumbani hapa hana ofisi ya ajira ya kwenda kubisha hodi. Tangazo humfikia kwa kundi la WhatsApp, bando la intaneti hununuliwa kwa pesa ya kuomba, na kazi ya kuskani vyeti au kumpata wakili humpeleka Bagamoyo mjini. Kufanyika kwa usaili wa mchujo mikoani badala ya Dodoma pekee kumepunguza gharama, mradi mwombaji awe amesahihisha mahali anapoishi kwenye akaunti yake; wapo ambao akaunti zao bado zinataja mkoa waliosomea.

Kwa ajira za muda, ofisi ya kata na halmashauri ndizo zenye habari. Sensa ya Agosti 2022 na uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura wa 2024 na 2025 zilichukua vijana wengi kwa siku au wiki chache. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayepokea vikundi vinavyoomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024.

Matumaini makubwa ya wilaya yaliwekwa kwenye bandari ya Bagamoyo, iliyowekewa jiwe la msingi Oktoba 2015 na kusimama miaka michache baadaye kwa kutoelewana juu ya masharti ya wawekezaji. Kilichokuja kweli upande huu ni shamba la miwa na kiwanda cha sukari cha kampuni ya Bagamoyo Sugar huko Makurunge.

Mawakala na matapeli

Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inataka wakala binafsi wa ajira awe amesajiliwa, na wakala hulipwa na mwajiri. Anayemdai mtafuta kazi "pesa ya fomu", "ya vipimo" au "ya kumpoza bosi" ni tapeli, hata akiwa na barua yenye nembo ya taifa. Sekretarieti haitozi ada yoyote kwa maombi.

Mkopo wa elimu ya juu

Mhitimu aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi akishaajiriwa, kiwango kilichowekwa mwaka 2016. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni la asiye na kazi mwaka hadi mwaka, ilifutwa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Aliyejiajiri naye anadaiwa.