Kwenda Amu kwa Pikipiki Wakati wa Masika

Kutoka Malindi mpaka gati la Mokowe, ambapo abiria wa Amu hupanda mashua, ni mwendo wa kilomita 220 hivi. Wakati wa kiangazi mtu mwenye pikipiki nzima aondokaye Malindi alfajiri aweza kuiwahi sala ya adhuhuri mjini Amu. Wakati wa masika hesabu hiyo haifai kitu. Huenda akafika saa kumi ya jioni, huenda akalala njiani, na mwaka mwingine hana budi kurudi alikotoka. Makala haya yawahusu makarani, walimu na wakulima ambao kazi au jamaa huwapeleka huko mwezi wa Mei, wakati mvua ya pwani inaponyesha kwa nguvu zake zote.

Wazee waliosafiri njia hii zamani walikuwa na taabu zaidi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, atokaye Mombasa alingoja kivuko huko. Kisha akafika Garsen akavushwa mto Tana kwa kivuko kingine, kilichovutwa kwa kamba na nguvu za mikono. Toka hapo mpaka Mokowe ilikuwa barabara ya udongo tu. Ule udongo mweusi wa bonde la Tana ukilowa hunata kama ulimbo: hujaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na mwenye pikipiki akashuka kuuchokoa kwa kijiti, akaenda hatua hamsini, akashuka tena. Leo kuna lami mpaka Mokowe. Watu wakadhani taabu imekwisha.

Lami nayo ina hila yake. Mvua inapoanza tu, vumbi na mafuta yaliyodondoka kutoka katika malori huelea juu ya barabara, na kwa muda wa nusu saa hivi njia huteleza kuliko baadaye ikiwa imekwisha kuoshwa vizuri. Mpanda pikipiki mwenye busara hupunguza mwendo tangu matone ya kwanza, hushika breki zote mbili polepole, wala hafuati basi kwa karibu, maana maji yarushwayo na magurudumu yake humpofusha. Baada ya daraja la Sabaki nchi ni tambarare, na karibu na Gongoni, penye mashamba ya chumvi, hakuna miti mingi ya kuzuia upepo. Kusi humpiga mtu ubavuni. Koti la mpira ni jambo jema, lakini lisipofungwa vizuri kifuani hujaa upepo likawa tanga, na pikipiki si jahazi.

Basi haya yote ni mambo ya mvua ambayo msafiri huiona kwa macho. Jambo kubwa la njia hii ni mvua asiyoiona.

Tana ni mto mrefu kuliko yote katika Kenya, kama kilomita 1,000, na maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Katika njia yake limejengwa bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, na mabwawa mengine manne chini yake: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikizidi huko juu, mabwawa hujaa na kufurika, na maji hayo huteremka kupita Garissa, yakachukua siku kadhaa kufika bonde la chini. Kwa hiyo mtu aweza kutoka Malindi jua likiwaka, mbingu haina wingu, akafika ng'ambo ya Minjila akakuta barabara imegeuka ziwa. Na mwingine aweza kunyeshewa tangu Malindi mpaka akatetemeka, akakuta njia ni salama kabisa. Atazamaye mbingu peke yake hajui kitu juu ya Tana.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, wakati wa mvua za El Niño, maji yaliikata barabara mahali paitwapo Lango la Simba, kati ya Gamba na Witu, na wasafiri wakavushwa kwa mashua pale ambapo juzi yake mabasi yalikuwa yakipita. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yakarudi. Lami ilikuwapo nyakati zote mbili.

Kwa sababu hii, anayekwenda Amu hana budi kuuliza habari za mto kabla ya kuuliza habari za mvua. Aanze kuuliza Malindi, kwa madereva wa mabasi waliofika kutoka Amu siku ileile. Aulize tena Minjila, na swali liwe moja: maji yanapanda au yanarudi? Wapokomo walimao kando ya mto huyajua mambo haya kuliko ofisi yoyote, kwa kuwa mpunga na ndizi zao zimelelewa na mafuriko hayo tangu zama za mababu. Furiko ambalo kwa msafiri ni balaa, kwa mkulima, lisipozidi kiasi, ni mbolea. Mzee wa Kipokomo akikuambia, "Ngoja, mwanangu," ngoja. Hana haja ya kukuchelewesha.

Akikuta maji yamepita juu ya barabara, asiyatie gurudumu kwa sababu mwenziwe amevuka. Maji yaendayo kasi, hata ya inchi 6 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima, na pikipiki hushikilia lami kwa sehemu mbili ndogo zisizozidi kiganja cha mkono. Tena maji ya matope huficha shimo. Pengine tuta lenyewe limekwisha kuliwa chini, na lami imebaki juu kama ganda la yai. Kulala usiku mmoja Minjila kwenye kitanda kibovu ni hasara ya shilingi chache.

Tena pikipiki ikizama ikazimika, usiipige kiki. Maji hayashindiliki kama hewa; yakiwa ndani ya silinda, kiki moja ya nguvu yaweza kupinda chuma kinachoshika pistoni. Ifungue plagi kwanza, uzungushe injini polepole mpaka maji yatoke, ukaushe plagi na kichujio cha hewa, kisha utazame oili. Ikiwa imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage utie nyingine kabla ya kuendelea.

Toka Lango la Simba hufuata Witu, mji uliokuwa makao ya Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, ambaye aliwekwa chini ya himaya ya Wadachi mwaka 1885. Tangu mashambulio ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni mwaka 2014 sehemu hii hulindwa na askari, na msafiri asimamishwapo kizuizini huonyesha kipande chake na kujibu kwa upole. Kwa ajili hiyo pia si vizuri kukutwa na giza hapa. Aliyecheleweshwa na maji na alale nyuma kuliko kukimbilia mbele. Baada ya njia panda ya Mpeketoni huja Hindi, kisha Mokowe.

Na hapa Mokowe pikipiki hupumzika. Amu ni kisiwa, na vichochoro vya mji wake wa kale, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Bodaboda zimekwisha ingia kisiwani, na wakuu wamezikataza katika mji wa kale. Kwa maoni yangu wamefanya vyema, maana mtoto atokaye mlangoni pale hutokea katikati ya njia. Msafiri na aiache pikipiki yake bara chini ya paa, kwa mtu anayemjua, aioshe tope kwa maji baridi na kuitia cheni mafuta siku hiyohiyo, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma kwa haraka. Kisha avae koti lake tena. Mashua nyingi hazina paa la kutosha, na mvua ya Mei hainyeshi barabarani peke yake.