Je, Wajua? Kichaka Kinachoziba Pampu ya Bakteria

Ukikwangua gome la mzizi wa Berberis, kichaka chenye miiba kinachoota pia nyanda za juu za Kenya na Tanzania, utaona rangi ya manjano iliyokolea. Hiyo ni berberini, kemikali inayoua bakteria. Ila ikiwa peke yake ni dhaifu. Staphylococcus aureus, bakteria anayeleta majipu, ana pampu iitwayo NorA kwenye utando wa seli yake, na kila berberini inapoingia huitoa nje kama baharia anayekumba maji mtumbwini.

Mwaka 2000, watafiti wa Marekani, wakiwemo Frank Stermitz na Kim Lewis, walionyesha kuwa mmea wenyewe una jibu. Majani ya Berberis fremontii yana kemikali ya pili. Hiyo haiui bakteria, kazi yake ni kuziba pampu tu, na berberini ikipata kubaki ndani, inaua.

Wanakemia wakaja na wazo la kupendeza kweli: mbona tusiviunganishe viwili hivi viwe molekuli moja? Mwaka 2006, watafiti wa Australia na Marekani walichapisha matokeo ya berberini iliyounganishwa na kiziba pampu kilichotengenezwa maabara. Mseto huo ulijaa ndani ya seli za bakteria, ukawaua kwa nguvu kuliko berberini tupu, tena ukawalinda minyoo wadogo wa maabara walioambukizwa. Majaribio hayo yalikuwa ya maabara, si ya wagonjwa.