Soda iko kila kona, ORS iko wapi?

Kabla hatujaendelea, nakuomba ufanye zoezi dogo. Hesabu hatua kutoka mlangoni kwako hadi mahali unapoweza kupata soda ya baridi. Bila shaka si nyingi. Hesabu tena hadi kwenye sukari, kiberiti, biskuti na vocha ya simu. Pengine zote ziko duka moja, na mwenye duka unamwita kwa jina la mwanawe.

Sasa fikiria ni saa 8 za usiku. Mtoto ameharisha mara ya 5, midomo imeanza kukauka, na duka limefungwa. Pakiti ya ORS, yaani ile dawa ya unga ya kuongeza maji na chumvi mwilini, iko hatua ngapi kutoka kitandani kwako? Na vidonge vya zinki? Na sabuni ya kunawia mikono, iko hatua ngapi kutoka chooni?

Nimewauliza akina mama wengi maswali haya katika kazi yangu ya utabibu, na majibu yanafanana. Soda ipo. Panadol ipo. Flajili ilibaki nusu dozi kutoka kwa mgonjwa mwingine, nayo ipo. ORS haipo, "mpaka twende zahanati asubuhi". Na mtoto mdogo anayeharisha mfululizo anaweza asiifikie hiyo asubuhi akiwa na nguvu za kunywa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa wa kuharisha bado unaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Wengi wao hawauliwi na kijidudu chenyewe. Wanakauka. Maji na chumvi vimetoka mwilini na havikurudishwa kwa wakati.

Ilipoanzia

Inafaa tujue kwamba ORS ilipata sifa yake mahali ambapo vitu vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia makambini. Katika kambi ya Bangaon, Dkt. Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelazwa hadi sakafuni, na dripu zikawa zinakwisha. Akaagiza chumvi na glukosi zichanganywe Kolkata na kufungwa katika mifuko ya plastiki. Makambini, ule unga ulitiwa kwenye mapipa ya maji yenye koki. Ndugu wa wagonjwa, watu wasio na elimu yoyote ya tiba, wakaambiwa wachote kwa vikombe na wawanyweshe wenyewe. Vifo ambavyo vilikuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4.

Siri yake ni nyepesi. Utumbo una milango midogo ya kupokea chumvi. Mtu akiharisha, milango mingi huharibika, na maji humwagika kuelekea nje badala ya kuingia mwilini. Lakini upo mlango ambao hubaki wazi hata katika kipindupindu, nao ni ule unaopokea chumvi iliyoongozana na glukosi. Viwili hivyo vikiingia pamoja, maji huvifuata. Chumvi peke yake haifanyi kazi hiyo vizuri, na sukari peke yake nayo hali kadhalika. Ndiyo maana vipimo vina umuhimu.

Na ndiyo maana soda haifai. Sukari yake ni nyingi kupita kiasi na chumvi yake ni kama hakuna. Sukari ikizidi ndani ya utumbo huyavuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni, na mtoto huzidi kuharisha. Mama mmoja alitufikia baada ya sala ya alfajiri, amembeba mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Usiku kucha alikuwa akimpa soda ya machungwa kwa kijiko, kwa subira na mapenzi makubwa. Hakulala hata kidogo. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia, na ngozi ya tumbo ukiibana ilikuwa inarudi polepole. Alhamdulillah, mtoto yule alipona. Nilipomuuliza kwa nini soda, alijibu kwamba ndicho kitu alichokipata. Jibu hilo sikuwa na la kulipinga. Mama alikuwa na bidii yote, na duka la karibu lilikuwa na kila kitu isipokuwa alichokihitaji.

Kwa nini soda inafika na dawa haifiki?

Swali hili liliulizwa kwa uzito na Mwingereza mmoja, Simon Berry, aliyefanya kazi za maendeleo nchini Zambia miaka ya 1980. Aliona kuwa Coca-Cola inapatikana hadi vijiji vya mbali kabisa, na katika vijiji hivyo hivyo watoto wanakufa kwa kuharisha. Miaka ilipopita, yeye na mkewe Jane walirudi Zambia na wazo la kupachika vifurushi vya ORS na zinki katika nafasi zinazobaki kati ya chupa ndani ya kreti za soda. Jaribio lilifanyika mwaka 2012 hadi 2013.

Matokeo yalileta funzo ambalo hawakulitarajia. Vifurushi vilifika vijijini, lakini vichache sana vilisafiri ndani ya kreti. Wenye maduka walikuwa wanavinunua mjini na kuvifunga kwenye baiskeli pamoja na sabuni, mafuta na chumvi, kwa sababu wateja walikuwa wanaviulizia na faida kidogo ilikuwapo. Hata vipimo walivibadilisha: badala ya pakiti ya lita 1, ambayo kwa mtoto mmoja nyingi humwagwa, waliweka vipakiti vya mililita 200, na kopo lenyewe likawa ndiyo kipimo cha maji. Katika wilaya za jaribio, watoto waliopewa ORS pamoja na zinki walipanda kutoka chini ya 1 katika 100 hadi karibu 45. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza ORS iliyofungashwa pamoja na zinki katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linatuhusu. Hapa kwetu, tangu mwaka 2003 ulipoanza mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu kule Ruvuma, dawa zimesogea karibu na watu kuliko zamani. Lakini muuzaji huleta kinachoulizwa. Wazazi wanaingia dukani na kusema, "Nipe dawa ya kuzuia kuharisha." Wakipewa flajili wanaridhika, kwa kuwa ni vidonge, ni vichungu, na vinafanana na dawa. ORS inaonekana kama maji ya chumvi tu. Isitoshe, haifungi tumbo siku ile ile, basi mama anasema haikumsaidia mtoto. Kazi yake si kufunga tumbo. Kazi yake ni kurudisha kilichotoka, na tumbo hutulia lenyewe baada ya siku chache. Flajili na antibayotiki nyinginezo zina mahali pake, kwa mfano mtoto anapoharisha damu, na hapo tabibu ndiye wa kuamua. Kuharisha kwingi kwa kawaida kwa watoto hakuhitaji dawa hizo kabisa.

Basi ukipita duka la dawa wiki hii, ulizia ORS na zinki hata kama hakuna mgonjwa nyumbani. Wakisema hakuna, mwambie muuzaji utarudi kesho kutwa. Akiulizwa na watu 5, wallahi ataleta.

Namna ya kuitumia

Pakiti nyingi za ORS ni za lita 1 ya maji, lakini zipo za nusu lita na ndogo zaidi, kwa hiyo soma kwanza. Kosa ninaloliona sana ni la kipimo. Nyumbani chupa iliyo karibu huwa ni ile kubwa ya maji ya lita 1 na nusu, nayo hujazwa mpaka juu. Ukifanya hivyo dawa inakuwa nyepesi. Mwingine hugawa pakiti, leo nusu na kesho nusu, kwa kikombe cha chai, ikawa kali kupita kiasi. Chupa 2 tupu za soda za nusu lita zinakupa lita 1 kamili, na hapo walau soda imetufaa. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Usiongeze sukari wala juisi. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kati ya mililita 50 na 100, mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa mafunda madogo madogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Anyonyeshwe kama kawaida, tena zaidi, na anayekula asinyimwe chakula. Uji mwepesi, maji ya wali na madafu vinasaidia, ila madafu yana chumvi kidogo, hivyo yasichukue nafasi ya ORS.

Zinki kwa kipimo kilichozoeleka katika zahanati zetu ni kidonge 1 cha miligramu 20 kwa siku, na nusu kidonge kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kikiyeyushwa kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa ya mama. Hutolewa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huacha siku ya 3 tumbo likitulia. Malizeni, kwa kuwa zile siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asiharishe tena katika miezi michache inayofuata.

Na kama usiku ule ORS haipo kabisa? Lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu visiwe na kilima. Onja kwanza. Ikizidi uchumvi wa machozi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Huko Bangladesh, kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC liliwafundisha akina mama nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, kuchanganya chumvi na sukari guru kwa vidole vyao. Wafundishaji walilipwa kwa kadiri akina mama walivyokumbuka somo, si kwa idadi ya nyumba walizopita. Hata hivyo, mchanganyiko wa nyumbani ni wa kusogezea muda tu. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea au kuzubaa, akitapika kila kitu, akiharisha damu, macho yakididimia au akikosa mkojo kwa saa nyingi, usingoje kupambazuke.

Sabuni nayo

Sabuni haikosekani nyumbani kwa Mwislamu. Tatizo ni mahali ilipo. Iko bafuni, au kwenye beseni la nguo, au imefungiwa kabatini ili watoto wasiichezee. Chooni kuna kopo la maji tu.

Aliyesoma Safinatun-Najaa madrasa anakumbuka kuwa masharti ya kustanji kwa mawe yametangulia faradhi za udhu. Tumefundishwa kuondoa rangi, harufu na ladha ya najisi, na vikishaondoka, mkono umetwahirika na sala inasihi. Hilo halina ubishi. Lakini kijidudu cha kuharisha hakina rangi wala harufu, na maji matupu huwaacha wengi mkononi. Mtu anaweza kuwa na udhu sahihi na bado mkono wake ukampa mwanawe ugonjwa kwa tonge la wali. Sabuni baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kushika chakula haipunguzi chochote katika tahara yetu.

Nasema hili nikiifikiria misikiti yetu pia. Tunachangia zulia, tunachangia feni, na alhamdulillah. Nenda nyuma, kwenye vyoo. Koki zipo, mabirika yapo, sabuni hakuna. Ukiuliza unaambiwa inaibwa. Basi tusiweke mche. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1 na nusu, tia sabuni ya unga kijiko kikubwa kimoja au viwili, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari, kisha ifunge kwa kamba karibu na koki. Hakuna anayeiba maji ya sabuni. Mahali pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinachokanyagwa kwa mguu kinatosha, na vijana wa madrasa wanaweza kukitengeneza Alhamisi moja baada ya darasa.

Kwa nyumbani, weka pakiti 2 za ORS na zinki mahali pakavu, pasipofikiwa na watoto. Tazama tarehe ya kuisha muda, na unga ukiganda kama jiwe au kubadilika rangi, tupa ununue nyingine. Kisha muonyeshe bibi, dada wa kazi na kijana mkubwa wa nyumba mahali ulipoziweka, kwa sababu siku hiyo huenda wewe mwenyewe umesafiri.