Mtoto, Mboga na Kitabu cha Picha

Ni chache nyumba zenye mtoto wa miaka mitatu au minne zisizoijua vita ya sahani. Wali umeliwa, nyama imeliwa, mchicha umesukumwa ukingoni, na mama ameshika kijiko akibembeleza. Jambo hili si dogo. Mchicha, matembele na karoti ndizo hazina ya vitamini A, na mtoto aikosaye kwa muda mrefu macho yake hudhoofika, hata giza likiingia asione. Basi mama, kwa huruma yake, hufanya moja katika matatu: humlazimisha mtoto akalia, au humhonga peremende, au humwambia kwamba kilichomo ndani ya kijiko ni nyama. Njia zote tatu zina hasara, nayo ya tatu ina hasara ya dini pia.

Huko Uingereza wako waandishi na wachoraji walioijaribu njia ya nne, nayo ni kitabu cha picha. Tutataja viwili.

Cha kwanza ni Oliver's Vegetables, alichokiandika Vivian French na kuchorwa na Alison Bartlett mwaka 1995. Mtoto Oliver hapendi ila chipsi. Aenda kukaa kwa babu yake mwenye bustani, naye babu hamkaripii, bali afunga naye sharti: chipsi atazipata, lakini viazi avitafute mwenyewe bustanini, na atakachokiona siku hiyo, hicho ndicho atakachokula, bila ya kunung'unika. Jumatatu apata karoti, Jumanne spinachi, na vivyo hivyo juma zima, hata Jumapili ndipo viazi vinapoonekana. Kila siku mtoto ala, na kila siku astaajabu kuwa kumbe ni kitamu! Hapo hapana hila yoyote. Kuna mapatano, na pande zote mbili zimeyatimiza.

Cha pili kinachekesha zaidi, nacho ndicho kinachotaka kufikiriwa. Ni I Will Not Ever Never Eat a Tomato cha Lauren Child, kilichotolewa mwaka 2000 na kupata nishani iliyoitwa wakati huo ya Kate Greenaway, ambayo hupewa wachoraji wa vitabu vya watoto. Kijana Charlie ametakiwa na wazazi wake amlishe mdogo wake Lola, na Lola ana orodha ndefu ya vyakula asivyokula kabisa, na nyanya ndiyo ya mwisho kabisa. Charlie hafanyi ukali. Amwambia kwamba hizo si karoti, ni vitu vilivyotoka katika sayari ya Jupiter. Na viazi vilivyopondwa ni mawingu ya kilele cha mlima Fuji. Lola aonja, na aomba zaidi.

Hapa mzazi wa Kiislamu ana haki ya kuuliza: je, huo si uwongo? Swali hili si la ushupavu. Abu Dawud amepokea habari ya Abdullahi bin Amir, kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita aende apewe kitu, na Mtume (S.A.W.) yumo nyumbani mwao. Akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akambainishia kwamba lau asingempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Yaani hata kumwita mtoto kwa ahadi tupu kuna hesabu yake.

Walakini kitazameni kitabu chenyewe vizuri. Lola si mjinga. Ziletwapo hizo karoti za Jupiter, asema kwamba zafanana sana na karoti. Ajua, na kaka yake ajua kuwa ajua, na wote wawili wacheza. Kisha mwishoni ni Lola mwenyewe aombaye nyanya, tena ameshaipa jina la mwezini alilolitunga yeye. Basi mchezo ambao wote wawili waujua kuwa ni mchezo si sawa na kumficha mtoto ini ndani ya kababu na kumwapia kuwa halimo. Huyo wa pili, siku agunduapo, hapotezi hamu ya ini peke yake. Apoteza na imani aliyokuwa nayo kwa mkono wa mama yake.

Wako pia waonao shaka juu ya picha. Katika mboga shaka hiyo haina mahali, kwani Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji aliyemwendea kwamba, ikiwa hana budi kuchora, achore miti na visivyo na roho. Bilingani na bamia zimo humo.

Na picha hufaa kweli. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walieleza kwamba watoto wadogo waliosomewa na wazazi wao kitabu cha picha cha mboga wasiyoizoea walikuwa tayari zaidi kuionja mboga ile. Jicho huzoea kwanza, ulimi hufuata. Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume tangu utotoni, alimwona akiyafuata mapande ya mumunye pande zote za sahani katika karamu ya fundi cherehani, na tangu siku hiyo Anas akalipenda mumunye. Hakuhubiriwa wala hakuhongwa, aliona tu.

Vitabu hivyo viwili ni vya Kiingereza, na baadhi ya mboga zake si za sokoni kwetu. Hapa ndipo penye kazi yenu, vijana mlio na wadogo nyumbani. Shoneni karatasi kumi kwa uzi. Mchoreni bilingani na kofia yake ya kijani. Kateni bamia kwa mapana, mlichovye katika rangi na kuligonga karatasini, mtapata ua lenye vyumba vya mbegu. Mumunye lipeni kurasa mbili, kwa ajili ya kisa cha Anas. Majina ya mzaha mtungiwe na mtoto mwenyewe, na chini yake liandikwe jina la kweli la mboga. Na kila ukurasa uwe na nafasi tupu, ya kuandikia siku aliyoionja. Na akitema, iandikwe kuwa alitema, kisha apewe tena juma lijalo, kwani wako watoto wanaohitaji kuonja mara nane au kumi kabla hawajakubali.