Kranberi na Maambukizi ya Njia ya Mkojo: Utafiti wa Karne Moja na Maana Yake kwa Sera ya Afya

Ikisiri

Kwa zaidi ya karne moja kranberi, tunda dogo jekundu la Amerika ya Kaskazini, imehusishwa na kinga dhidi ya maambukizi ya njia ya mkojo. Makala haya yanafuatilia safari ya dai hilo kutoka nadharia ya ukali wa mkojo, kupitia uchunguzi wa kemikali zinazozuia bakteria kujishikiza mwilini, hadi majaribio ya kitabibu ambayo kwa miaka mingi yalipingana. Yanadai kwamba swali lenye manufaa kwa mtunga sera si iwapo tunda hili linafaa au halifai, bali linamfaa nani, kwa kipimo gani, na nani hapaswi kulitegemea.

Utangulizi

Takribani nusu ya wanawake wote hupata maambukizi ya njia ya mkojo angalau mara moja katika maisha yao, na wengi wao hurudiwa na ugonjwa huo. Bakteria anayehusika zaidi ni Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo ambaye huleta madhara anapofika kwenye kibofu au figo. Tiba iliyozoeleka ni viuavijasumu, na hapo ndipo tatizo linapokuwa la umma. Kila dozi inayotolewa, hasa isiyo ya lazima, huwapa bakteria sugu nafasi ya kustawi. Mradi wa HATUA, uliofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda, ulichagua maambukizi haya kuwa dirisha la kuchunguzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa sababu ni ya kawaida mno na hutibiwa mara nyingi bila kipimo cha maabara. Kwa hali hiyo, chochote kinachoweza kupunguza idadi ya maambukizi bila kutumia dawa kinastahili kuchunguzwa kwa makini. Kwa sababu hiyohiyo, dai lisilo na msingi linaweza kuwa na gharama kubwa.

Tunda na asili yake

Kranberi, au Vaccinium macrocarpon kwa jina la kitaalamu, ni mmea unaotambaa, wenye majani madogo yasiyopukutika, unaoota katika ardhi chepechepe yenye tindikali. Huhitaji majira ya baridi ili uchanue vyema. Watu wa asili wa kaskazini-mashariki ya Amerika, wakiwemo Wawampanoag, walilitumia tunda lake kwa chakula, rangi na dawa muda mrefu kabla ya walowezi wa Ulaya kufika. Kilimo chake cha kibiashara huhesabiwa kuanzia mwaka 1816, pale Henry Hall wa Dennis, Massachusetts, alipogundua kwamba mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo ilistawi kuliko mingine. Leo jimbo la Wisconsin peke yake hutoa zaidi ya nusu ya mavuno ya Marekani. Tunda lina vyumba vidogo vya hewa ndani yake. Wakati wa mavuno mashamba hujazwa maji, matunda yakaelea juu, na wakulima wakayakusanya kama povu jekundu.

Sifa moja ya tunda hili ina uzito katika mjadala wote unaofuata: ni kali na chungu kiasi kwamba watu wachache huweza kulila bichi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa jina la juisi ya kranberi ni mchanganyiko wa maji, sukari na sehemu ndogo ya tunda lenyewe.

Nadharia ya kwanza na kuporomoka kwake

Mwaka 1914 mtafiti wa Marekani, Blatherwick, alichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba kranberi huongeza tindikali katika mkojo. Maelezo yaliyofuata yalikuwa mepesi kueleweka. Tunda lina viambato ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi hipuriki, asidi hiyo huufanya mkojo kuwa mkali, na mkojo mkali huwazuia bakteria kuzaana. Nadharia hii ilidumu miongo kadhaa. Mwaka 1959 Bodel, Cotran na Kass walipopima jambo hilo, walibaini kwamba asidi hipuriki huweza kweli kuzuia bakteria, lakini kiasi kinachopatikana kwa kunywa juisi ni kidogo mno kufikia kiwango hicho. Nadharia ikafa maabarani. Nje ya maabara ingali hai, na bado husikika kwenye kaunta za maduka ya dawa.

Mwaka huohuo wa 1959, katika jambo lisilohusiana na kibofu, waziri wa afya wa Marekani, Arthur Flemming, alitangaza mwezi Novemba kwamba baadhi ya mavuno yalikuwa na mabaki ya aminotriazoli, dawa ya kuua magugu iliyohofiwa kusababisha saratani. Wiki chache kabla ya sikukuu ambayo tunda hilo huliwa zaidi, soko liliporomoka. Katika miaka iliyofuata tasnia ilijielekeza kwenye juisi inayouzwa mwaka mzima. Historia hii si pambo tu, kwani inasaidia kueleza kwa nini wazalishaji wa juisi walikuja kuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa utafiti wa kiafya kuhusu bidhaa yao.

Bakteria asiyeweza kushika

Mwelekeo ulibadilika mwaka 1984, Anthony Sobota wa Chuo Kikuu cha Youngstown State, Ohio, alipoonesha kwamba juisi ya kranberi huwapunguzia E. coli uwezo wa kujishikiza kwenye seli. Umuhimu wa jambo hili uko katika namna ugonjwa unavyoanza. Mkojo hutiririka na kuvisukuma nje vyote visivyoshika. Ili bakteria abaki kwenye kibofu, sharti ajing'ang'anize kwenye ukuta wake, naye hufanya hivyo kwa vinyweleo vyembamba ambavyo ncha zake huingia katika vipokezi vya seli mithili ya ufunguo katika kitasa. Kizuie kitasa, na bakteria atatoka na mkojo akiwa hai, bila kuuawa. Hili la mwisho lina maana kubwa kwa suala la usugu: kinachomwondoa bakteria bila kumuua hakitarajiwi kumshinikiza ajenge usugu kwa namna ileile ya viuavijasumu.

Mwaka 1989 Zafriri, Ofek na wenzao nchini Israeli walitenganisha viambato viwili. Cha kwanza ni fruktosi, sukari iliyomo katika matunda mengi, inayozuia aina moja ya vinyweleo. Cha pili kilizuia vinyweleo vya aina ya P, vinavyohusishwa na maambukizi ya figo, nacho kilipatikana katika kranberi na matunda ya jamii yake. Mwaka 1998 kundi la Amy Howell, New Jersey, lilikitambua kuwa ni proanthosianidini. Kemikali hizi zimo pia katika zabibu, tofaa na kakao, ila za kranberi ni za aina A: vipande vyake vimeunganishwa kwa vifungo viwili mahali ambapo aina B, iliyoenea zaidi, ina kimoja. Tofauti hiyo ndogo ya umbo ndiyo inayodhaniwa kuleta tofauti ya kazi.

Inafaa kutahadhari hapa. Proanthosianidini ni molekuli kubwa, na ni kiasi kidogo sana kinachofyonzwa kutoka utumboni. Sehemu kubwa huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo kuwa kemikali nyingine, na huenda hizo ndizo zinazofanya kazi, au kazi yenyewe huanzia utumboni kabla E. coli hajahama. Kinachoonekana kwenye bomba la maabara si lazima kiwe ndicho kinachotokea kwenye kibofu.

Majaribio yaliyopingana

Jaribio kubwa la kwanza, la Avorn na wenzake, lilichapishwa mwaka 1994. Wanawake wazee 153 walikunywa mililita 300 kwa siku za juisi au za kinywaji kilichofanana nayo. Sampuli zenye bakteria wengi pamoja na usaha zilikuwa asilimia 15 katika kundi la juisi na 28.1 katika kundi linganishi. Nchini Ufini, mwaka 2001, Kontiokari na wenzake waliwagawa wanawake 150 katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 16 kati ya waliokunywa mchanganyiko wa kranberi na lingonberi, dhidi ya asilimia 36 kati ya wasiopewa chochote.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2011 Barbosa-Cesnik na wenzake, katika utafiti wa wanawake vijana 319 huko Michigan, waliona asilimia 20 ya waliokunywa juisi wakirudiwa, dhidi ya 14 ya wenzao. Tofauti hiyo haikuwa na maana kitakwimu, lakini mwelekeo wake haukuwa ule uliotarajiwa. Mwaka 2016 majaribio mawili yalitoa majibu tofauti. La Maki na wenzake, lenye wanawake 373 na lililofadhiliwa na kampuni ya Ocean Spray, lilirekodi matukio 39 kwa wanywaji wa juisi na 67 kwa kundi linganishi. La Juthani-Mehta na wenzake, lililofanywa katika nyumba za kutunzia wazee kwa kutumia vidonge vyenye miligramu 72 za proanthosianidini kwa siku, halikuona faida yoyote yenye maana.

Mapitio ya Cochrane yanaakisi mvutano huo. Toleo la mwaka 2012, lenye tafiti 24, lilihitimisha kwamba juisi ya kranberi haiwezi kupendekezwa. Toleo la mwaka 2023, lenye tafiti 50 na washiriki 8,857, lilipata jibu jingine: hatari ilipungua kwa takriban asilimia 26 kwa wanawake wanaorudiwa mara kwa mara, asilimia 54 kwa watoto, na asilimia 53 kwa watu walio hatarini kutokana na matibabu fulani. Hakuna faida iliyoonekana kwa wazee waishio katika taasisi, kwa wajawazito, wala kwa wenye kibofu kisichomwaga mkojo vizuri kwa sababu ya kasoro za neva.

Wapo watakaosoma mabadiliko haya kama ushahidi kwamba sayansi haina msimamo. Usomaji huo si wa haki. Tafiti za mwanzo zilikuwa ndogo, washiriki wengi waliacha kunywa juisi njiani, na watu wa hali tofauti kabisa waliunganishwa katika wastani mmoja. Tafiti zilipoongezeka na makundi yakatenganishwa, ilionekana kwamba matokeo mengi yaliyodhaniwa kupingana yalikuwa yakizungumzia watu tofauti. Kibofu cha mwanamke wa miaka 25 na cha bibi wa miaka 85 anayelala kitandani si mazingira yaleyale.

Kipimo, lebo na sheria

Tafiti nyingi hutumia miligramu 36 za proanthosianidini kwa siku kama kipimo cha rejea. Ugumu ni kwamba mnunuzi hawezi kujua kama kilichomo ndani ya chupa kinafikia kiwango hicho. Imebainika kwamba baadhi ya bidhaa huchanganywa na dondoo la maganda ya karanga, ambalo lina proanthosianidini za aina A na hivyo huweza kuipotosha mizani ya vipimo vya kawaida, licha ya hatari yake kwa wenye mzio wa karanga.

Mamlaka za udhibiti zimechukua njia tofauti. Barani Ulaya, mamlaka ya usalama wa chakula ilikataa dai la Ocean Spray mwaka 2009, na mwaka 2017 Kamisheni ya Ulaya iliamua kwamba bidhaa za kuzuia au kutibu maambukizi ya kibofu zinazotegemea proanthosianidini za kranberi si vifaa tiba. Marekani, mwaka 2020, iliruhusu dai lenye masharti: lihusu kurudiwa kwa maambukizi kwa wanawake wenye afya tu, na lebo iseme waziwazi kwamba ushahidi ni mdogo. Kwa upande wa juisi, lazima iongezwe kwamba ushahidi huo haulingani. Mfano huu wa Marekani, pamoja na udhaifu wake, ndio ulio karibu zaidi na unachosema ushahidi.

Madai mengine kuhusu moyo, meno na saratani hayajafikia kiwango hiki, isipokuwa moja linalostahili kutajwa. Huko Linqu, China, mwaka 2005, watu 189 wenye Helicobacter pylori walifuatiliwa kwa siku 90. Asilimia 14 ya wanywaji wa juisi hawakuonekana tena na bakteria huyo, dhidi ya 5 ya wenzao. Ni matokeo ya kuvutia, lakini asilimia 86 waliobaki naye hawawezi kuambiwa kwamba wametibiwa.

Maana yake kwa nchi jirani

Kranberi haioti Afrika Mashariki, na bidhaa zake huingia kama anasa ya madukani. Katika milima ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki huota Vaccinium stanleyi, ndugu yake wa jenasi moja. Undugu wa mimea si ushahidi wa dawa. Hata ndani ya tunda moja, matokeo hubadilika kwa kipimo na kwa mtumiaji. Tahadhari hiyohiyo inazihusu rozela na ubuyu, ambazo wauzaji huzifananisha na kranberi kwa sababu ya rangi na ukali.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wajawazito. Bakteria katika mkojo wa mjamzito, hata asipohisi maumivu, huweza kupanda hadi kwenye figo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza tiba ya viuavijasumu kwa siku saba. Kundi hili ndilo ambalo kranberi haikuonesha faida kwake. Vilevile, katika maeneo ya kichocho, damu katika mkojo na maumivu ya kukojoa huweza kutokana na minyoo, ambayo hakuna juisi inayoigusa. Mgonjwa wa kisukari naye, ambaye tayari yuko hatarini zaidi kupata maambukizi, huongezewa sukari na chupa anayoamini inamkinga. Anayetumia warfarini anahitaji kumweleza daktari wake kabla ya kunywa kwa wingi, kwa kuwa zipo taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi, ingawa majaribio yaliyodhibitiwa hayajazithibitisha kwa uwazi.

Kwa mamlaka za chakula na dawa za ukanda huu, hatua inayowezekana bila kusubiri utafiti mpya ni ya lebo. Bidhaa inayodai kinga itaje miligramu za proanthosianidini na njia iliyotumika kuzipima, itaje kiasi cha sukari, na ieleze kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwamba haitibu maambukizi yaliyokwisha kuanza na kwamba mjamzito mwenye dalili aende kliniki.