Zamu ya Ghala: Jinsi ya Kupanga na Kupanua Programu za Kulinda Hifadhi ya Data

0. Utangulizi

Idara nyingi za lugha katika vyuo vikuu zina kabati la kanda za sauti: mahojiano ya wafanyakazi wa migodi, michezo ya kuigiza, hadithi za wazee, nyimbo za harusi na za matanga. Kanda huzeeka, utepe hunata na sauti hufifia, na kwa sababu hiyo sauti hizo huhamishwa katika diski za kompyuta. Mara kazi hiyo inapoanza, swali la mwanaisimu hugeuka kuwa swali la fundi: nani atajua kwamba diski inakaribia kujaa, au inaugua, au kwamba nakala ya akiba haikuandikwa jana usiku? Ziko programu zinazofanya ulinzi huo. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuzipanga tangu mwanzo, na yale yanayotokea pindi ghala inapokua.

Tuanze na neno. Bukavu na Bujumbura, mlinzi wa usiku huitwa zamu. Katika Kiswahili sanifu zamu si mtu, ni nafasi ya mtu katika mfuatano wa kazi. Lugha ya mjini imemwita mtu kwa jina la wajibu wake, nasi tunaona kwamba imefanya vema, maana katika ulinzi wa data kosa la kwanza ni kuweka programu bila kuamua ni zamu ya nani. Programu hutoa ilani. Mtu ndiye anayeamka.

1. Hesabu hutangulia programu

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu za kweli. Idara ina kanda 4,000 za dakika 90, yaani saa 6,000 za sauti. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, linapendekeza sauti ihifadhiwe kwa biti 24 na kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, huku sampuli 96,000 zikipendelewa. Kwa kipimo hicho cha juu, na kwa njia mbili za sauti, kila sekunde inachukua baiti 576,000, na kila saa gigabaiti 2.07. Kwa hiyo kabati letu lote ni terabaiti 12.4. Likitunzwa katika nakala tatu, kama inavyopasa, ni terabaiti 37.

Sasa tuseme idara ina mashine tatu za kusomea kanda, kila moja ikifanya kazi saa sita kwa siku. Saa 18 za sauti huingia kila siku, yaani gigabaiti 37 hivi katika kila nakala. Seva ya kwanza ina nafasi ya terabaiti 8. Itajaa baada ya siku 214 za kazi, kabla kabati halijaisha.

Hapa ndipo programu nyingi huwekwa vibaya. Fundi huiagiza itoe ilani diski ikijaa asilimia 90, kwa kuwa ndivyo alivyokuta imeandikwa. Asilimia 10 ya terabaiti 8 ni gigabaiti 800, ambazo kwa mwendo wetu ni siku 21 tu. Je, siku 21 zinatosha kupata diski mpya? Ombi liandikwe, lipite kwa mkuu wa idara, lifike kwa wasimamizi wa bajeti, fedha zitoke, mzigo upande lori kutoka Afrika ya Kusini, uvuke Kasumbalesa, ulipiwe ushuru. Mwenye uzoefu atasema ni siku 60 za kazi, na hapo amekuwa mwenye matumaini. Siku 60 mara gigabaiti 37 ni terabaiti 2.2. Basi ilani ya kwanza itoke nafasi hiyo inapobaki, yaani diski ikiwa imejaa asilimia 72. Kwa upande mwingine, diski ndogo ya gigabaiti 50 inayobeba mfumo wa seva yenyewe inaweza kumaliza asilimia 10 yake kwa saa moja, iwapo programu fulani imeharibika na kuandika kumbukumbu za makosa bila kikomo. Asilimia ile ile, maana mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kinachopimwa kisiwe asilimia, kiwe muda uliobaki. Programu za siku hizi huweza kutazama mwendo wa wiki zilizopita, zikachora mstari na kukadiria siku ambayo nafasi itakwisha. Makadirio hayo si unabii: wakati wa likizo mstari hulala, na siku ya kurudi husimama ghafula. Hata hivyo mkuu wa idara anayeambiwa «zimebaki siku 58» huelewa la kufanya, hali yule anayeambiwa «asilimia 72» hutikisa kichwa na kurudi kwenye karatasi zake.

Nafasi nayo haihesabiwi kwa baiti peke yake. Mifumo mingi ya faili ya Unix hutenga tangu mwanzo idadi maalum ya vibandiko vya faili, viitwavyo inodi. Kila faili huchukua kimoja, hata ikiwa na neno moja tu. Mradi wa kamusi unaoandika kila kidahizo katika faili yake unaweza kumaliza inodi zote huku nusu ya diski ikiwa tupu. Seva itakataa kuandika ikisema hakuna nafasi, na fundi atatazama skrini yake bila kuamini. Vipimo vyote viwili viangaliwe.

2. Diski inayougua

Tangu miaka ya 1990 diski zina desturi ya kujipima zenyewe na kuandika dalili zao: sehemu zilizoharibika zikahamishwa, makosa ya kusoma, joto, saa za kazi. Utaratibu huo huitwa SMART. Watu wengi hudhani ukishasoma dalili hizo umemaliza. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walitoa uchunguzi wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la kukaguliwa ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko ile isiyo na kosa. Hilo ni neno zito la kusikilizwa. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya zile dalili nne zenye nguvu. Dalili ikionekana, badilisha diski, isipoonekana, usijipongeze.

Liko na jambo la siri zaidi. Faili inaweza kubadilika biti chache bila diski kulalamika. Dawa yake ni kuipigia kila faili hesabu maalum siku inapozaliwa, hesabu inayotoa tarakimu zisizofanana na za faili nyingine, kisha kuirudia hesabu hiyo kila baada ya muda na kulinganisha. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, kusoma terabaiti 12.4 huchukua takriban saa 34. Kwa nakala zote tatu katika mashine moja ni zaidi ya siku nne. Leo tunaweza kufanya hivyo kila mwezi. Ghala ikiwa kubwa mara kumi, ukaguzi mmoja hautamalizika kabla mwingine haujaanza, na itabidi kazi igawanywe: sehemu hii wiki hii, sehemu ile wiki ijayo, kila seva ikijikagua yenyewe.

3. Mlinzi naye anakula

Tunafika kwenye upanuzi, ambao wapangaji wengi huusahau. Programu ya ulinzi huandika vipimo vyake mahali fulani, na mahali hapo pia ni diski. Tuseme kila seva inatoa vipimo 1,000 vya aina mbalimbali, vikichukuliwa kila baada ya sekunde 15. Kila kipimo huandikwa mara 5,760 kwa siku. Seva 10 zitatoa thamani milioni 57.6 kila siku. Programu ya Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, hubana thamani hizo vizuri sana, kiasi cha baiti moja au mbili kwa kila moja. Basi tutahitaji kama megabaiti 115 kwa siku, au gigabaiti 42 kwa mwaka. Si kitu. Lakini chuo kizima chenye seva 300 kitahitaji zaidi ya terabaiti moja kwa mwaka kwa ajili ya ulinzi peke yake. Na kama kijana mwenye bidii ataona ni vizuri kufuatilia kila faili ya sauti kwa jina lake, pande mbili za kanda 4,000 zitazaa mifuatano 8,000 mipya kwa kila kipimo atakachochagua. Hapo kinachoshindwa kwanza si diski, ni kumbukumbu ya muda ya seva ya ulinzi. Tumeona wenye bidii wakiangusha mlinzi kwa njia hii kuliko wavivu.

Swali linalofuata ni: mlinzi akumbuke kwa muda gani? RRDtool, aliyoitoa Tobias Oetiker mwaka 1999, ilijibu kwa hekima ya mtu mwenye nyumba ndogo: faili yake haikui kamwe. Vipimo vya jana huwekwa kwa dakika, vya mwezi uliopita kwa wastani wa saa, vya mwaka jana kwa wastani wa siku. Prometheus hufanya kinyume: hutunza kila thamani kamili, kisha hufuta, asiyebadilisha mpangilio wake wa kawaida atabaki na siku 15 tu. Siku 15 zinatosha kutafuta chanzo cha hitilafu ya jana, lakini hazitoshi kumwonyesha msimamizi wa bajeti jinsi ghala ilivyokua kwa mwaka mzima. Anayetaka kupanga ununuzi hana budi kuweka kando, tangu siku ya kwanza, vipimo vichache vya muda mrefu. Nafasi iliyotumika, mara moja kwa siku, kwa kila diski: hivyo tu, na miaka kumi haitajaza hata megabaiti chache.

Kisha kuna mtandao. Programu nyingine huenda zenyewe kuuliza kila seva. Hizo huteseka mahali ambapo kiungo kati ya majengo ya chuo hukatika mara kwa mara, kwa kuwa kimya cha mtandao huonekana kama kifo cha seva. Zabbix, iliyotoka Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001, ina mpango wa wakala: mashine ndogo katika jengo la mbali hukusanya vipimo, huvitunza mtandao ukiwa haupo, na kuvituma unaporudi. Kwa hali za kwetu mpango huo unafaa zaidi, nasi tungeushauri hata kwa chuo chenye majengo mawili.

Umeme unapokatika, na ile betri ya akiba ambayo mafundi hukiita onduleri ikaisha, seva arobaini huzimika pamoja. Programu isiyopangwa hutuma ilani arobaini. Baada ya usiku wa tatu wa namna hiyo mwenye zamu huzima simu yake. Kwa hiyo lazima programu iambiwe nini hutegemea nini: umeme ukiwa umekwenda, itoe ilani moja ya umeme na kunyamaza juu ya mengine.

4. Kimya

Tumeliacha jambo gumu mwisho. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab inayotunza kazi za waandishi wa programu, fundi mmoja alifuta saraka ya hifadhidata kuu akidhani yuko katika seva ya pili. Alipotambua kosa lake, katika gigabaiti 300 hivi zilibaki takriban 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Mahali zilipopaswa kuwa palikuwa patupu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, ikawa inashindwa kila siku. Na je, haikutoa ilani? Ilitoa. Ilituma barua pepe baada ya kila kushindwa, lakini barua hizo zilikataliwa na mfumo wa upokeaji kwa kuwa hazikuwa na sahihi iliyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Data za saa hizo sita zilipotea. Kampuni iliyaeleza haya yote hadharani, na kwa hilo inastahili shukrani.

Katika mkasa huo mlinzi alitoa ilani, lakini njia kati ya mlinzi na mtu ilikuwa imekatika. Wenye zamu waliona kimya, wakakisoma kuwa salama. Ndiyo maana wapangaji wazuri huiagiza programu itume salamu isiyokoma, kila baada ya dakika kadhaa, kwa mashine nyingine iliyo nje ya chuo. Mashine hiyo haijui lolote kuhusu diski. Kazi yake ni moja: salamu isipofika, impigie mtu simu. Vivyo hivyo nakala ya akiba isihesabiwe kuwa ipo kwa sababu hakuna ilani ya kushindwa. Ipimwe umri wake na ukubwa wake. Nakala ya jana iwe na umri usiozidi saa 26, na isiwe ndogo kuliko ya juzi. Na mara moja kwa muhula, mtu achague kanda moja bila kupanga, airejeshe kutoka katika nakala ya tatu, akae, aisikilize mpaka sauti ya mzee yule imalize hadithi yake.