Wasiwasi wa Udhu na Swala: Namna ya Kujitibu, na Pale Simu Inaposaidia au Kudhuru

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Maswali ya udhu ni mengi kwetu, lakini yapo yanayokuja kwa sura ya peke yake. Muulizaji hatafuti kujua nguzo za udhu, kwani anazijua kuliko jirani zake wote. Anauliza kama udhu wake wa leo alfajiri umesihi. Akijibiwa kuwa umesihi, hushukuru, kisha baada ya saa mbili huleta swali lile lile kwa maneno mengine. Wako wanaotuandikia hivyo kutoka Mbeya na Iringa, na shida yao huzidi Juni na Julai, baridi ya Nyanda za Juu inapokaza. Mtu husimama bombani nusu saa, maji yanauma vidole, ngozi ya mikono imepasuka, imamu ameshatoa salamu, naye bado anaosha kiwiko cha kulia. Makala hii tunamwandikia yeye na watu wa nyumbani kwake.

Ni maradhi, si uchamungu

Wasiwasi wa kawaida humpitia kila mtu na kuondoka. Tunaouzungumzia hapa ni ule unaojirudia: fikra isiyotakiwa huvamia moyo, hofu hupanda, na mtu hulazimika kufanya kitendo ili hofu ishuke. Huosha tena, hutoa takbira tena, huhesabu rakaa tena, hurudi kuangalia kufuli la mlango mara ya kumi. Madaktari wanayaita maradhi haya kwa kifupi OCD, na katika nchi zilizofanyiwa utafiti huwapata kiasi cha watu 2 hadi 3 katika kila 100 kwa muda wa maisha yao. Hayachagui dini. Kwa asiyeswali huenda yakakaa kwenye vijidudu au jiko la gesi. Kwa mwenye kuswali hukaa pale anapopathamini zaidi, yaani twahara, nia na imani.

Kwa hiyo mwenye kujiwa na fikra chafu juu ya Mwenyezi Mungu asidhani amekufuru. Sahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanapata nafsini mwao mambo wanayoona vibaya mno kuyatamka, akawajibu kuwa hiyo ni imani ya wazi. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwamba umma huu umesamehewa yanayopita nafsini madhali mtu hajayatenda wala kuyasema. Ndiyo maana mume anayeshikwa na fikra ya talaka kichwani, naye haitaki, mkewe hajaachika.

Kumwambia mgonjwa huyu kuwa imani yake ni dhaifu ni kumwongezea mzigo. Kumzungusha kwa waganga miezi na miezi kwa dhana kuwa amerogwa ni kumpotezea wakati na fedha. Kisomo cha Qur'ani na dua ni kheri, na havizuii tiba.

Wanavyuoni waliijua dawa hii

Kanuni kubwa ya fiqhi ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Asili yake ni hadithi ya Bukhari na Muslim juu ya mtu anayehisi ametokwa na kitu ndani ya swala: aliambiwa asiiache swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Yaani hakuamrishwa kuchunguza.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliliandikia jambo hili mahususi. Abu Muhammad al-Juwayni, baba yake Imamul Haramayn, ana kitabu juu ya wasiwasi. Ibn Hajar al-Haytami alipoulizwa dawa yake, alijibu kuwa ni kuupuuza moja kwa moja hata kama nafsi inasitasita, na kwamba mwenye kuusikiliza huzidi kuzama. Katika nia, ambako Mashafi wengi hukwama, al-Ghazali na baadaye an-Nawawi walichagua njia nyepesi: yatosha mtu kwa kawaida ya watu awe anaikumbuka swala yake anapotoa takbira. Na Ibn Aqil alipoulizwa na mtu aliyekuwa akizama majini mara nyingi na bado akashuku kama maji yamemfika, alimjibu kuwa swala imemwondokea, kwani anayezama kisha asijue kama amerowa hana tofauti na mwendawazimu, na mwendawazimu hana taklifa. Alitaka kumzindua.

Tabibu na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, alizieleza fikra hizi zinazojirudia katika kitabu chake cha afya ya miili na nafsi. Na mwaka 1966 Victor Meyer, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa London, alichapisha tiba ambayo mpaka leo ndiyo msingi: mgonjwa hukaribishwa kwenye kile anachokiogopa, kisha huzuiwa kufanya kile kitendo cha kujituliza. Hofu hupanda, na asipoilisha moyo huzoea. Ibn Hajar na Meyer wametoka njia mbali mbali wakakutana mlango mmoja.

Namna ya kujitibu

Kwa wasiwasi usio mkali sana, mtu anaweza kuanza mwenyewe.

Kwanza, andika orodha. Kila jambo linalokutia hofu lipe alama kutoka 0 hadi 100. Kutia udhu kwa chupa moja ya maji huenda ikawa 40. Kuswali bila kurudia takbira 60. Kuswali huku unahisi tone limekutoka 85.

Pili, anza chini na upande ngazi kwa ngazi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, na mudi ni viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa, kiasi kisichofika lita moja. Basi jaza chupa ya lita moja, funga bomba, na utie udhu kwa maji hayo tu. Yakiisha, umemaliza.

Tatu, usirudie. Hofu ikipanda, iache na uende ukaswali nayo. Usijiambie kuwa udhu hakika umesihi, maana hiyo nayo ni njia ya kujituliza. Jiambie: sheria imenitaka nifanye hivi, nimefanya, shaka ibaki ilipo. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Uthman bin Abil Aas kuomba kinga kwa Mwenyezi Mungu na kutema kidogo kushotoni mara tatu wasiwasi unapomwingilia katika swala. Fanya hivyo kisha endelea. Usiifanye nayo kuwa ada ya kurudiwa mara arobaini.

Nne, kaa ngazi moja siku kadhaa, mpaka alama yake ishuke, ndipo upande ya pili. Haya hayamalizwi kwa siku moja.

Watu wa nyumbani nao wana kazi. Mama akiulizwa mara ya tano, "Mama, umeniona nikiosha mguu?", asijibu ndiyo wala siyo. Aseme kwa upole, "Mwanangu, tulikubaliana swali hili silijibu," kisha abadilishe mazungumzo.

Simu inaposaidia

Tiba hii inayoongozwa na mashine si ngeni. Mwaka 2002 Greist na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 218. Wengine waliongozwa na kompyuta kupitia simu, wengine na mtaalamu, na wengine walifundishwa kulegeza mwili tu. Walioongozwa na mtaalamu walipona zaidi. Walioongozwa na kompyuta walifuatia, nao waliwashinda wale wa kulegeza mwili. Huko Sweden tiba kwa njia ya intaneti imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Funzo ni kwamba mtaalamu ni bora, na asipopatikana kujiongoza ni bora kuliko kukaa bure.

Programu nyingi ni za Kiingereza na hula bando, lakini kazi yenyewe hata simu ya batani inaiweza. Saa ya simu ikupimie dakika tano za udhu, ikilia, unatoka. Sehemu ya kuandikia itunze orodha na alama zako. Kila mwezi jipime kwa kipimo cha Yale-Brown cha mwaka 1989, chenye maswali 10 na alama 0 hadi 40, uone kama zinashuka. Kabla ya kupakua programu yoyote, tazama inaomba ruhusa gani, kwani siri za maradhi yako ni amana.

Simu inapodhuru

Simu hiyo hiyo yaweza kuwa bomba jengine lisilofungwa. Mwenye wasiwasi husoma fatwa ishirini usiku mmoja, huandikia masheikh watatu, hujiunga na makundi ya WhatsApp, na siku hizi huiuliza mashine inayojibu bila kuchoka mpaka alfajiri. Kila jibu humpa raha ya dakika chache na kuyapa maradhi nguvu. Kuuliza huko ni kuosha mikono kwa njia nyengine.

Kwa hiyo chagua mwanachuoni mmoja unayemwamini, muulize mara moja, na ulifuate jibu lake. Swali likijirudia, jibu ni lile lile. Na sisi pia, anayetuletea swali la tatu la namna moja tutamjibu kwa kumrejesha kwenye makala hii, wala asione tumemtupa.

Wakati wa kwenda hospitali

Usijitibu peke yako iwapo unafikiria kujiua, huli, hulali, umeacha kazi au masomo, au miezi miwili ya juhudi haikuleta nafuu. Mama aliyejifungua akijiwa na fikra za kumdhuru mwanawe asione haya kusema mapema. Ukiwa upande wa Mbeya, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Upande wa Iringa, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ulizia huduma ya afya ya akili. Kutoka Iringa, barabara ya Dodoma inakufikisha Mirembe, hospitali kongwe ya taifa ya maradhi ya akili. Zipo dawa zinazosaidia, kama fluoxetine na clomipramine, lakini mwenye kuziandika ni daktari, si duka la dawa wala rafiki. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha athari, na kuziacha ghafla kuna madhara.

Mwenyezi Mungu (S.W.) hakuweka uzito katika dini hii. Anayeswali huku moyo unamwambia udhu haukutimia, naye akaupuuza kwa kutii sheria, huyo amejitahidi, na tunamtarajia ujira wa swala yake na wa subira yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azitulize nyoyo zao.

Wallahu a'lam.